Mbwa Mdogo Anayelewa Baada ya Kula: Namna ya Kutambua na Kutibu Mchepuko wa Ini

Swali la kwanza ninalomuuliza mwenye mbwa mdogo anayeyumba, anayezunguka chumbani bila sababu au anayesimama kimya kichwa kimeegemea ukuta, ni hili: alikula nini, na saa ngapi? Habari za chanjo na sumu ya panya zitafuata. Naanza na chakula kwa sababu kuna ugonjwa mmoja wa kuzaliwa nao, mchepuko wa ini, ambao dalili zake hufuata sahani, na hapa Dar es Salaam mbwa wa aina zinazoupata, Maltese na Yorkshire Terrier, wamekuwa wengi mno. Daktari wa mifugo asiyeujua atawazika kwa majina ya kifafa, sumu na distempa, ule ugonjwa wa virusi wa mbwa.

Naandika kwa ajili ya wenye mbwa, na pia kwa wadogo zangu waliomaliza udaktari wa mifugo Morogoro juzijuzi, waliozoea ng'ombe na kuku, kisha ghafla wanaletewa mgonjwa wa kilo mbili aliyevaa sweta.

Damu inakopita

Damu inayotoka kwenye utumbo, bandama na kongosho hukusanywa na mshipa mmoja mnene, mshipa wa portali, ikapelekwa kwenye ini kabla ya kurudi kwenye moyo. Huko ini huidaka amonia, ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa utumboni kutokana na protini, na kuigeuza kuwa urea itokayo na mkojo. Mbwa mwenye mchepuko amezaliwa na mshipa wa ziada unaotoka kwenye portali na kumwaga damu moja kwa moja kwenye vena kava au vena ya azigosi, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, kama lori linalokwepa mizani kwa njia ya panya. Amonia na takataka nyingine zinafika kwenye ubongo zikiwa hazijaguswa. Ini nalo, kwa kukosa damu yenye lishe na homoni za kongosho, linadumaa.

Mchepuko ulio nje ya ini ni wa mbwa wadogo: Yorkshire Terrier, Maltese, Cairn Terrier, Shih Tzu, Pug, Miniature Schnauzer. Ulio ndani ya ini huwapata zaidi mbwa wakubwa kama Labrador, Golden Retriever na Irish Wolfhound. Mara nyingi huo wa ndani ni mshipa ambao kila mtoto wa mbwa huwa nao akiwa tumboni mwa mama yake, unaopaswa kujifunga siku chache baada ya kuzaliwa lakini ukabaki wazi. Kwa Irish Wolfhound ugonjwa huu ni wa kurithi, na Uholanzi watoto wao hupimwa amonia wangali wadogo.

Jambo la nyama halikuanza jana. Mwaka 1877 daktari Mrusi Nikolai Eck aliunganisha kwa upasuaji portali na vena kava za mbwa. Mwaka 1893 maabara ya Ivan Pavlov, huyo huyo anayejulikana kwa mate ya mbwa, ikaeleza jinsi mbwa waliofanyiwa hivyo walivyochanganyikiwa wakilishwa nyama. Wagonjwa wetu wamezaliwa na kile ambacho Eck alikitengeneza kwa kisu.

Dalili, na daftari

Mgonjwa wa kawaida ni mdogo kuliko ndugu zake wa uzao mmoja, mwembamba, anachagua chakula. Anakunywa maji mengi na kukojoa mno. Anatapika mara kwa mara. Baadhi huonekana wazima kabisa mpaka siku wanapofungwa kizazi, wakalala kwa dawa ya usingizi ambayo wenzao waliamka nayo baada ya nusu saa, wao wakaamka jioni. Wengine hujulikana kwa mawe ya kibofu tu. Na wale ambao mchepuko wao unaingia kwenye azigosi mara nyingi huwa na dalili hafifu, hivyo wanaweza kugunduliwa wakiwa watu wazima.

Za kichwa ndizo zinazowatisha watu: kulewa, kuzunguka, kutoona kwa muda kisha kuona tena, kubadilika tabia, degedege. Huja na kuondoka, na mara nyingi huja saa chache baada ya mlo mzito wa nyama. Mama mmoja aliniletea jike wa Maltese anayeitwa Karanga, wa miezi minane, asiyefika hata kilo mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu mbwa majirani wanasema ana mashetani. Kila Jumapili usiku yanampanda."

"Jumapili huwa mnapika nini nyumbani?"

"Pilau, mwanangu. Na yeye hatumnyimi, nyama zake tunamtengea."

Basi chukua daftari. Kwa wiki mbili andika kila alichokula, saa aliyokula, na saa tabia ilipobadilika. Mpige video kwa simu, maana mbwa hawa wana desturi ya kufika kliniki wakiwa wamechangamka. Siyo wote watakaoonyesha uhusiano na mlo, kwa hiyo daftari tupu halimwondolei mbwa ugonjwa, lakini daftari la Jumapili tatu zinazofanana lina thamani kuliko vipimo vingi ninavyoletewa.

Wakati huohuo usisahau mengine yanayofanana nayo: distempa kwa asiyechanjwa, sumu za wadudu za shambani, sukari kushuka kwa watoto wa mbwa wadogo sana, kifafa chenyewe, maji kichwani. Na kichaa cha mbwa. Mbwa mwenye tabia isiyoeleweka, asiye na chanjo, hashikwi mdomoni kwa mikono mitupu, hata akiwa amevaa sweta.

Vipimo

Anza na vile vilivyopo kila mahali. Picha kamili ya damu mara nyingi huonyesha seli nyekundu ndogo kuliko kawaida. Hapa kuwa mwangalifu, kwani safura (minyoo ya utumbo) za mbwa zikimnyonya damu muda mrefu nazo hupunguza ukubwa wa seli. Pima choo kabla hujafurahi. Kwenye kemia ya damu tafuta urea ya chini, albumini (protini ya damu) ya chini, kolesteroli ya chini, pengine na sukari ya chini. Vyote hivyo hutegemea kazi ya ini. Vimeng'enya vya ini, ambavyo wengi hukimbilia, huwa vimepanda kidogo tu au viko sawa. Nimewaona vijana wakisema "ini zima" kwa sababu ALT, kimoja cha vimeng'enya hivyo, ni ya kawaida, wakati urea na albumini ziko sakafuni kwenye karatasi hiyohiyo.

Mkojo ni wa bei rahisi na una siri nyingi. Huwa mwepesi, na chini ya hadubini unaweza kukuta fuwele za amonia yureti: rangi ya kahawia, za mviringo, zimejaa miiba. Kwa Dalmatian fuwele hizo hazina uzito sana, maana ni jadi yao hata bila mchepuko. Kwa Yorkshire Terrier zina uzito.

Kipimo kinachobeba mzigo ni asidi za nyongo, ambazo ini zima huziondoa kwenye damu baada ya mlo, na hupimwa mara mbili. Mbwa afunge chakula kwa muda wa saa 12, isipokuwa mtoto mdogo sana, ambaye utampunguzia saa na kumwangalia sukari. Toa damu ya kwanza. Mlishe chakula kidogo chenye mafuta na protini kiasi, vijiko viwili vya chai kwa mbwa wa chini ya kilo tano vinatosha. Aliyekwishapata dalili za kichwa mpe chakula cha protini kidogo, usije ukamwangusha kliniki. Hakikisha amekimeza. Baada ya saa mbili toa damu ya pili. Kwa zote mbili tenganisha mapema majimaji ya damu na seli zake, ziandike vizuri ipi ya kabla na ipi ya baada, kisha zipelekwe kwa baridi. Zinavumilia safari, na hilo ndilo linalozifanya zitufae sisi tunaotuma sampuli mbali. Damu ambayo seli zake zimevunjika au yenye mafuta mengi huharibu matokeo.

Karanga alikuwa na 22 akiwa na njaa na 164 baada ya kula, kwa mikromoli kwa lita. Angalia hiyo ya kwanza: ningepima moja tu, ningeweza kumrudisha nyumbani. Baada ya mlo, zaidi ya 25 ni ya kutiliwa shaka, na wenye mchepuko mara nyingi huvuka 100. Lakini Maltese wamejaa vituko. Wapo wazima kabisa ambao namba zao ziko juu kuliko za mbwa wengine. Kwa hiyo Maltese anayekula, anayecheza na kukua vizuri asihukumiwe kwa asidi za nyongo peke yake. Wakati mwingine pia namba ya kabla huizidi ya baada, kwa sababu kibofu cha nyongo hujikamua chenyewe hata mbwa akiwa na njaa. Tumia iliyo kubwa.

Amonia ni kipimo kizuri kwa aliye na mashine yake mezani. Sampuli yake haina subira: inatakiwa barafu papo hapo, itenganishwe na kupimwa upesi, la sivyo amonia hupanda ndani ya kichupa chenyewe. Ikisafirishwa kwa bodaboda kutoka Mbezi hadi mjini juani, namba utakayoletewa ni habari za foleni.

Kisha picha. Eksirei huonyesha ini dogo, lakini mawe ya yureti mara nyingi hayaonekani humo. Ultrasaundi huyaona, huona figo zilizovimba kuliko kawaida, na kwa mkono uliozoea huona mchepuko wenyewe unapoingia kwenye vena kava. Mkono usiozoea usipouona haimaanishi haupo. Picha inayomaliza ubishi ni skani ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa, kwani inamwonyesha mpasuaji mshipa unatokea wapi na unaishia wapi.

Mambo mawili yanaweza kukupotosha hapa. La kwanza ni hitilafu ya mishipa midogo ndani ya ini, ambayo hupandisha asidi za nyongo, kwa kawaida si kwa kiasi kikubwa hivyo, na haina mshipa wa kufunga. Huwapata mbwa haohao wadogo. La pili ni michepuko mingi inayoota baadaye kwa mbwa ambaye shinikizo la damu kwenye portali limepanda kwa ugonjwa mwingine wa ini. Huyo mara nyingi ana tumbo la maji, jambo ambalo si kawaida kwa mchepuko wa kuzaliwa. Michepuko hiyo ndiyo inayopunguza shinikizo, ukiifunga, unamuua.

Mtulize kwanza

Hata kama fedha za upasuaji zipo mkononi, mbwa asipasuliwe akiwa analewa. Mpe wiki kadhaa za dawa na chakula, apate nguvu.

Dawa ya msingi ni laktulosi, ile ile ya maji matamu wanayopewa watu wenye choo kigumu. Duka lolote kubwa la dawa linayo. Huifanya amonia ishindwe kuvuka ukuta wa utumbo, na huharakisha choo. Anza na nusu mililita kwa kila kilo ya mbwa, kila baada ya saa nane. Kwa mbwa wa kilo mbili ni mililita moja, kwa sirinji isiyo na sindano, ukiipitisha pembeni mwa shavu. Kipimo cha kweli ni choo: kinatakiwa laini, kinachoshika umbo, mara mbili au tatu kwa siku. Akiharisha maji umezidisha, na kupungukiwa maji kunamrudisha kule kule. Punguza.

Ya pili ni antibayotiki ya kupunguza bakteria wanaotengeneza amonia. Amoksilini hufaa. Flajili nayo hutumika sana, kwa miligramu 7.5 kwa kilo kila saa 12, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Mbwa wa kilo mbili anahitaji miligramu 15. Kidonge cha miligramu 200 ukikikata vipande vinne bado unampa 50, na flajili ikizidi huleta kuyumba na macho kuchezacheza, dalili ambazo utadhani ni ini limezidi. Tumia ya maji, soma chupa ina miligramu ngapi kwa mililita, piga hesabu na daktari wako kwenye karatasi. Ni chungu, atatoa povu mdomoni, usishtuke.

Aliyekwisha pata degedege apewe levetirasetamu, miligramu 20 kwa kilo kila saa nane. Haitegemei ini sana, ndiyo sababu huchaguliwa. Mwenye mchepuko wa ndani ya ini huongezewa omeprazoli, kwa kuwa wana tabia ya kupata vidonda vya tumbo vinavyovuja damu.

Chakula sasa. Acha nyama nyekundu, maini, bandama, mapupu, damu na dagaa. Dagaa na maini huongeza pia malighafi ya mawe ya yureti, na najua ugali wa dagaa ndio chakula cha mbwa wengi hapa mjini. Badala yake tumia yai, mtindi, jibini laini isiyo na chumvi nyingi, soya iliyopikwa vizuri, na kuku kidogo anayevumilika, pamoja na wali au viazi. Milo midogo minne kwa siku ni bora kuliko mmoja mkubwa. Ila tafadhali, msimnyime protini kabisa. Mtoto wa mbwa anakua, albumini yake iko chini tayari, na akianza kuyeyusha misuli yake mwenyewe, hiyo nayo ni amonia. Chakula cha ini cha viwandani, kama Hill's l/d au Royal Canin Hepatic, kinakuondolea hesabu ukikipata. Cha nyumbani kinahitaji kalsiamu na vitamini za kuongezea kwa muda mrefu, daktari akupangie.

Halafu minyoo na kupe. Damu inayovuja utumboni kwa ajili ya safura ni protini kama nyama nyingine, na mbwa mwenye mchepuko anaweza kuzidiwa nayo bila kula kipande. Mpe dawa ya minyoo kwa ratiba. Usimwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe. Diklofenaki na panadoli za binadamu zisimkaribie. Daktari naye asikimbilie frusemidi, dawa ya kukojoza, maana potasiamu ikishuka amonia huongezeka.

Akizidiwa usiku, amelala hasikii au degedege hazikatiki, usimmiminie kitu mdomoni. Kitaingia kwenye mapafu. Mpake asali kidogo kwenye fizi, mfunike, muwahishe. Kliniki itampima sukari kabla ya jambo lolote, impe glukosi kama imeshuka, impe dripu na kurekebisha potasiamu, ikomeshe degedege, kisha imwoshe utumbo kwa maji ya vuguvugu na kumwekea laktulosi kwa njia ya haja kubwa, sehemu tatu za laktulosi kwa saba za maji, ikae dakika 20 hadi 30. Nimeona mbwa aliyebebwa ndani ya kanga akidhaniwa amekufa akiinua kichwa kabla hatujakunja mpira wa kumwoshea utumbo.

Kupasua au kutopasua

Dawa hazifungi mshipa. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya mbwa 124 wenye mchepuko wa kuzaliwa. Waliopasuliwa waliishi muda mrefu zaidi kuliko waliobaki kwenye dawa na chakula. Kwa mchepuko wa nje ya ini, ukiniuliza, ninasema pasua ukiweza.

Kuufunga ghafla wote kunaweza kuua, kwa sababu portali iliyodumaa haiwezi kupokea damu yote kwa mara moja. Shinikizo linapanda na utumbo unageuka rangi mbele ya mpasuaji. Ndiyo maana mshipa hufungwa taratibu. Njia moja ni pete ya ameroidi: ndani yake kuna kasini, protini ya maziwa, iliyozungushiwa chuma. Kasini hunyonya majimaji ya mwili, huvimba kuelekea ndani, na pamoja na kovu linaloota huubana mshipa kwa wiki kadhaa. Nyingine ni utepe wa selofani, ambao huchochea mwili uuzibe mshipa kwa kovu. Uzi wa hariri bado hutumika, mara nyingi kwa kufunga nusu. Michepuko ya ndani ya ini ni migumu kuifikia kwa kisu, hivyo vituo vikubwa hupitisha mrija kwenye mshipa wa shingo na kuacha ndani koili, nyuzi za chuma zilizosokotwa za kuuziba.

Hospitali ya mafunzo ya Onderstepoort, ya Chuo Kikuu cha Pretoria, ni mojawapo ya sehemu za kuulizia kwa sisi wa huku. Anza makaratasi mapema. Afrika Kusini inadai kibali cha kuingiza mbwa, chanjo ya kichaa, na vipimo vya damu vikiwemo vya Brucella canis, Leishmania na Babesia gibsoni. Tiketi ni jambo la mwisho. Pia mwulize mpasuaji waziwazi: umefanya upasuaji huu mara ngapi, na mgonjwa atalala wapi usiku?

Swali la usiku lina sababu. Siku tatu nne za kwanza ndizo za hatari: sukari na joto la mwili hushuka, tumbo linaweza kujaa maji shinikizo likipanda, na baadhi hupata degedege ingawa amonia iko sawa. Anayekaa peke yake kliniki mpaka asubuhi hajapewa nafasi.

Familia ya Karanga haikuwa na uwezo wa safari hiyo, na sikuwalaumu. Yuko kwenye laktulosi, mtindi na yai, Jumapili watu wakila pilau yeye anapewa wali mweupe wenye kuku kidogo. Ni mdogo, hatanenepa, lakini mashetani yamemhama. Wapo wanaoishi hivyo miaka. Wapo pia ambao dawa huwashinda ndani ya mwaka, na mwenye mbwa aambiwe hilo mapema, siyo siku ya kuagana.

Aliyepasuliwa aendelee na dawa na chakula kwa wiki kadhaa, kisha daktari azipunguze moja baada ya nyingine. Rudia asidi za nyongo baada ya miezi miwili au mitatu. Zinaweza zisirudi kawaida kabisa hata kwa mbwa aliyepona. Ukimwona ameongeza uzito, albumini imepanda na seli nyekundu zimerudi ukubwa wake, usimrudishe kwenye kisu kwa ajili ya namba. Asizalishwe, dume au jike. Na kama mfugaji aliyekuuzia bado ana ndugu zake wa uzao huo, mpigie simu leo hii, wapimwe kabla hawajauzwa.